Siku Niliyomfanya Mkurugenzi Awe Oksijeni

Aibu hii nilikuwa nimeapa kuizika, hata mke wangu nilimwambia tu kwamba kazi haikutoka, lakini nyinyi mshanicheka kwa mengine, wacha niitoe.

Nilitoka kwangu Kianda mapema kwa miguu (wasiwasi ulinikataza kuketi) hadi sekondari moja Kawangware, nikafundishe somo la majaribio mbele ya mkurugenzi, mzee mwenye ploti ya shule hiyo na nyumba za wapangaji zinazoizunguka. Nikimridhisha, nimepata kazi ya kufundisha bayolojia, baada ya miaka miwili ya vibarua vya mjengo.

Somo lilikuwa jinsi seli inavyotengeneza nguvu: elektroni hupokezanwa kutoka protini moja hadi nyingine, nguvu ikitolewa kidogo kidogo njiani, hadi mwisho ambapo oksijeni huzipokea na kugeuka maji. Ningechora ubaoni kama binadamu wengine. Lakini uji wa saa nne ulikuwa umeletwa, na mimi na kiherehere changu nikawapanga wanafunzi mstari, vikombe vya uji vikawa elektroni, na ili nimpake mzee mafuta nikamwomba awe oksijeni, asimame mwisho avipokee na kuviweka mezani.

Alifurahi kweli. Akapokea vitatu, kisha simu ikalia, mpangaji analalamika maji yamepotea, naye akatoka nje akiongea.

Mtu mwenye akili angesimamisha zoezi. Mimi niliona nikisimamisha ni kama nimemsema mzee mbele ya wanafunzi wake, kwa hivyo nikawahimiza waendelee, anarudi sasa hivi, na vikombe vikazidi kuja, msichana wa mwisho ana viwili mikononi na viwili amevikumbatia kifuani, mimi nazunguka darasa nikichungulia mlango, nakaa, nasimama, na mzee alipoingia kwa haraka wakagongana. Uji wote ukaishia kwenye suti yake.

Alijipangusa polepole, akaniuliza, "Mwalimu, hii ilikuwa ya kufundisha nini?"

Msichana ndiye aliyejibu, "Oksijeni ikitoka, kila kitu inakwama."

Darasa likavunjika mbavu. Walikuwa wameelewa, tena vizuri sana, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu kazi alipewa mwombaji mwenzangu aliyechora ubaoni. Mimi nimeapa: bosi akiingia tena darasani mwangu, nitampa kiti, akae, atazame.