Vitafunio vya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hakunipenda tangu mwanzo, nami sikujisumbua kumbembeleza. Kwake nilikuwa Mkenya aliyemnyang'anya mwana. Kiganda changu kilikuwa kibovu, kwa hiyo tulisemezana Kiswahili, alichojifunza akiwauzia Wakongo vitenge kule Nakivubo. "Hii lugha ya askari na wezi," alipenda kuniambia, kwa Kiswahili hichohicho.

Alipotangaza kwamba angepita kwetu Ntinda alasiri moja, nilimwambia kwenye simu, "Karibu mama, nitakuandalia vitafunio."

Kwetu Voi neno hilo lina heshima yake. Marehemu baba, aliyekuwa mwalimu, alitueleza kwamba limezaliwa na kutafuna: mandazi, karanga, mihogo ya kukaanga, chochote cha kusindikizia chai wakati wa mlo haujafika. Wengine husema vitafunwa. Yeye aliyakubali yote mawili. Asichokubali ni mgeni wa alasiri kupewa chai tupu.

Nilikaanga sambusa tangu asubuhi. Mama mkwe akazitazama, akaisukuma sahani.

"Chakula iko wapi?"

"Mama, nilikwambia vitafunio."

"Kutafuna ni kazi ya mbuzi. Mimi natoka mbali, wewe napatia mimi kitu ya mbuzi?"

"Mbuzi hakaangiwi sambusa," nikamjibu. "Neno lina maana yake. Kama hulijui, uliza."

Mume wangu, mashavu yamemtuna kwa sambusa, alikodolea macho zulia. Mama akamwamuru ampeleke penye matoke. Wakatoka bila kuaga, wakaenda kula hotelini Wandegeya.

Aliporudi peke yake, mume wangu alisema, "Ungepika hata ndizi kidogo."

"Na wewe ungefungua mdomo kwa jambo lingine zaidi ya kula."

Safari iliyofuata mama mkwe alikuja na matoke yake, yamefungwa kwa majani ya mgomba, yangali na mvuke. Akayatua juu ya meza yangu, akampakulia mwanawe, akajipakulia mwenyewe. Kisha akanigeukia na kunisemesha Kiganda cha haraka, akijua nusu yake itanipita.

Tangu siku hiyo hajanitamkia neno la Kiswahili. Akija, nampigia magoti kama desturi yao inavyotaka, naye huitikia akitazama dirishani. Mume wangu ananihimiza nijifunze Kiganda. Nilikuwa nimeanza. Nimeacha.