Amri ya Kunakili Niliyoipunguza

Enzi za Zaire, hospitali moja ya Goma ilipewa kompyuta yenye skrini mbili, na mimi, mwenye masomo ya sekondari tu, ndiye niliyeandika programu zake. Moja ilihifadhi habari za wagonjwa wa kifua kikuu: nani amechomwa sindano kwa miezi mingapi.

Lugha niliyoitumia ilikuja na maktaba yake, yaani amri zilizo tayari ambazo programu yoyote inaweza kuziita. Haikuwamo amri ya kunakili data kwenye disketi huku mtu akiendelea kuiandika. Nikaiongeza mwenyewe, nikajivuna. Mwenzangu kazini, mtu wa Butembo, alinionya jambo moja: mtu akiandika katikati, nakala ianze upya, ama sivyo nusu itakuwa ya zamani na nusu mpya.

Nikaandika hivyo. Lakini umeme ulikuja asubuhi na kuondoka upendavyo, na muuguzi hakuweza kuacha kuandika huku watu wamejaa hadi getini. Nakala ilianza, ikaanza tena, umeme ukakatika.

"Citoyen, disketi yako iko inacheza ngoma," mwenzangu alinitania, akiniita mwananchi kwa Kifaransa, kama desturi ya siku zile. "Hatua moja mbele, kisha inarudi mlangoni."

"Cheka tu. Itamaliza."

Nikaondoa ule ukaguzi wa kuanza upya bila kumwambia. Maneno COPIE BONNE, yaani nakala ni nzuri, yaliendelea kutokea kwenye skrini, na kwa kuyaamini, muuguzi aliacha kujaza fishi, zile kadi za karatasi za wagonjwa.

Siku moja umeme ulirudi kwa nguvu ukaiunguza kompyuta. Tulipata nyingine, tukairudishia data kutoka kwenye disketi. Majina yalionekana sawa. Kumbe majina yalinakiliwa kabla mgonjwa mpya hajaingizwa katikati ya orodha, na miezi ikanakiliwa baada yake. Kila jina lililokuwa chini ya pale lilipewa miezi ya jirani. Mama mmoja wa Masisi, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza sindano, akaonekana amemaliza.

"Mama, umemaliza dawa," muuguzi akamwambia. "Rudia watoto."

"Mbona mapema hivi?"

"Masini inasema."

Nilikuwepo. Mama aliniangalia, nikatikisa kichwa kukubali. Akapiga makofi kwa furaha, akaondoka.

Mume wake alikuja peke yake wakati wa mavuno ya maharagwe, mabuti yamejaa tope. Wauguzi wakamleta kwangu.

"Muzee, bibi yangu alikohoa damu mpaka akaisha," alisema. "Si alikuwa amemaliza dawa?"

"Masini ilikosea, papa."

Aliitazama kompyuta, bila hasira.

"Basi muitengeneze," akasema, akaenda.

Nilirudisha ule ukaguzi siku ileile. Ilikuwa mistari michache. Mwenzangu alisimama nyuma yangu akiisoma kadiri nilivyoiandika, na safari hii hakutania.