Baridi na Joto katika Mashua ya Daktari Lambert

Kwa miaka mingi Hemedi wa Kabondo aliishi akijua jambo moja: katika Kisangani yote, kinachoganda kimegandishwa na mkono wake. Samaki wa ufukweni na bia za baa za mtaa wa Makiso vililala katika baridi yake. Babu zake walifika na misafara wakauza vitambaa na chumvi; yeye, fundi wa friji, aliuza baridi, na kila Ijumaa, akitoka msikitini, alipenda kusikia mtu akinong'ona nyuma yake, "Ule ndiye frigoriste."

Kisha daktari Lambert, aliyerudi kutoka Ulaya, akaunda mashua ya tanga ili mama yake mzee, mama Colette, apumzike mtoni. Joto la mchana lilimkata mama huyo pumzi, na ukungu wa alfajiri ulimtafuna magoti. Ilitakiwa basi mashine moja ya kutoa baridi mchana na joto alfajiri. Mji ulicheka.

"Joto? Kisangani hii?" walisema wauza samaki. "Munganga atatuchemsha kama majani ya pondu!"

Hemedi hakucheka. Alinyoa ndevu, akavaa shati lililopigwa pasi, akangoja kuitwa. Aliyeitwa ni Idrissa.

Idrissa, aliyejifunza kuchoma viungo vya mabomba kwa moto katika karakana ya Hemedi, kisha akaenda Kinshasa na kurudi na simu iliyojaa picha za mashine za meli! Na kana kwamba hilo halikutosha, akaja mwenyewe nyumbani kuomba msaada.

"Papa, kuya unipimie mabomba. Unajua sheria yako: mutu mwenye kuchoma, hapimi."

Hemedi alitaka kukataa. Djamila, mkewe, akadakia kutoka jikoni: "Enda, papa. Ama unaogopa mwanafunzi wako?"

"Mimi niogope?" Akachukua mfuko wake.

Ndani ya mashua, kiyoyozi kilikuwa kimekaa chini ya kitanda. Maji ya mto yangeingia kwa tundu la chini, yapite kwenye chujio la kuzuia kongo ya sika, yale magugu yanayoelea, yazunguke mashine na kurudi mtoni. Hemedi alitafuta kasoro kama mtu anayetafuta mwiba katika samaki. Hakuuona. Hata mabomba ya shaba yalipindwa vizuri, na kila mpindo aliutambua. Nani alimfundisha kupinda hivi? Mimi. Na nani atasifiwa?

Idrissa akajaza hewa ya majaribio, akageukia nyaya zake. Hemedi akapaka povu la sabuni kiungo kwa kiungo. Kwenye kiungo cha mwisho, huko nyuma kabisa, pakatokea puto dogo kama jicho la dagaa. Likavimba, likapasuka. Likaja jingine.

Gesi ingevuja polepole. Mashine ingekufa mbali, huko Isangi, na mji ungejua Idrissa ni nani. Furaha ilimjia tamu mno, hata akaona haya mbele ya nafsi yake. Akalifuta povu kwa kidole gumba.

"Safi," akasema.

"Merci, papa." Idrissa akatoa uzi mwekundu mfukoni. "Bon, funga."

Hapo Hemedi aliutazama uzi. Katika karakana yake, aliyepima hufunga uzi mwekundu kwenye kiungo, na kikivuja, lawama ni yake, si ya aliyechoma. Sheria hiyo aliiweka mwenyewe, na mafundi wote wa mji waliifuata. Wivu ulikuwa umemsahaulisha.

"Macho imezeeka," akasema hatimaye. "Lete povu tena."

Puto likatoka mbele yao wote wawili. Idrissa akalitazama, kisha akatazama kidole gumba cha Hemedi, ambacho bado kilikuwa kimelowa sabuni. Akamsogezea kifaa cha moto.

"Choma wewe, papa. Pale mukono yangu haifiki vizuri."

Hemedi akalala ubavu, akawasha moto. Madini ya kuungia yakayeyuka, yakazunguka shaba kama mafuta, bila tone kuanguka. Hakuwahi kuchoma kiungo kizuri hivyo. Idrissa akakipima, akakiona kizima, na kwa kuwa mwenye kuchoma hapimi, akaufunga uzi yeye.

Jioni gesi ikiwa imejazwa, baridi ilitoka. Idrissa akageuza kitufe, likatoka joto. Mama Colette akaingia na mwanawe, akayasogeza magoti kwenye joto.

"Idrissa, mwanangu, Mungu akubariki! Wewe njo fundi, si mwingine!"

"Papa Hemedi alinisaidia," akasema Idrissa.

Alinisaidia! Hemedi alifungua mdomo. Lakini akidai kiungo kile, angeulizwa pia kuhusu "safi" ya kwanza. Akaufunga mdomo.

"Kaa, Papa Hemedi," mama Colette akamwambia, "upate joto na wewe."

"Sisikii baridi, mama."

Akapanda juu, akatoka nje. Nyuma yake Idrissa akavuta mlango, ili joto lisitoke.