Kompyuta Iliyouzwa Kibuye na Nywila Ndani

Leo bosi aliyenifuta kazi amenipigia simu akiniita "nyamera". Dada yake. Mimi.

Ngoja niwaambie.

Ofisi yake huchapa ratiba za mazishi na kuziweka kwenye tovuti. Nilimwonya kwamba programu yake ya kutuma faili ni ya zamani na inahifadhi nywila wazi wazi. Yeyote atakayekaa mbele ya kompyuta ile atazisoma.

Alinijibu mbele ya wote: "Akinyi, wewe panga picha za marehemu. Kompyuta tuachie sisi."

Mwezi uliofuata akanifuta.

Juzi aliiuza kompyuta hiyo sokoni Kibuye bila kufuta kitu. Aliyeinunua akaiwasha, akaingia kwenye tovuti kama kwake.

Asubuhi hii familia moja ya Katito imefungua ratiba ya mama yao, ikakuta picha ya bosi akiwa na suti. Chini imeandikwa: "Lala salama, Baba."

Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia.

Lakini aliponiomba msaada nilienda, kwa sababu ya yule mama. Ratiba yake nikairudisha kwanza.

Kisha nikaweka programu mpya na kuizuia isihifadhi nywila. Kila asubuhi lazima aichape mwenyewe.

Nywila mpya nimeitunga mimi, na kuibadilisha hajui. Siwezi kuiandika hapa, lakini ni sentensi ndefu ya kuniomba msamaha.

Mnaoona nimezidi, semeni hapo chini.

Leo ameikosea mara tatu mbele ya wafanyakazi wake wote. Nikamwambia aanze tena, polepole.