Kiti cha Baba

Mguu wangu wa kulia uliniuma miaka miwili mizima, na hadi leo nikikumbuka sababu yake damu hunichemka.

Ilikuwa miaka ya tisini, kwetu Kibokoni. Babangu alikuwa akisambaza halua kwa baiskeli, mjini kote na ng'ambo ya daraja la Nyali hadi Mtwapa. Kiharusi kilipomshika upande wa kushoto, kazi ikaniangukia mimi. Baiskeli ilikuwa yake, na yeye ni mfupi. Mimi nimefuata urefu wa wajomba zangu. Nikiipanda, magoti yalikuwa karibu kugonga usukani.

Kufika Kongowea tu, unyayo ulianza kuwaka. Nikifika Shanzu, vidole vilijikunja vyenyewe, na shavu la mguu likakaza kama kamba ya kuanikia nguo. Nilishuka kando ya barabara nikaupiga mguu makonde, huku malori yakinitimulia vumbi usoni. Halua iko nyuma, watu wa harusi wanangoja.

Na dawa nilizopewa! Mamangu alinikanda kwa mafuta ya nazi na karafuu. Jirani akasema ninywe maji ya chumvi. Mwengine akasema ni jicho la watu. Jicho gani? Wameona nini cha kuhusudu kwangu mimi, niliyekuwa nikichechemea hata kwenda msikitini?

Fundi wa baiskeli wa Makadara alinitazama mara moja tu, akaniambia naendesha nimechutama, kiti kipandishwe vidole vinne. Nikaenda kumwambia baba. Akakataa. Alisema kiti kile kina kipimo chake, na akipona atakitaka kilivyo. Nikamwonyesha mguu. Akasema vijana wa siku hizi ni walegevu. Walegevu, wallahi! Nilinyamaza kwa kuwa ni babangu, lakini kinyongo kilinikaa moyoni miezi.

Alhamisi moja, juu ya daraja, mguu ulikaza ghafla na sikuweza kuuondoa kwenye pedali. Nikaanguka ubavu. Lori likapiga breki hatua mbili kutoka kichwani pangu. Dereva alinitukana matusi yote anayoyajua, na alikuwa na haki. Niliinuka kwa hasira. Nusura nife kwa ajili ya kiti ambacho mwenyewe hakikalii! Nikaikokota baiskeli hadi Makadara, nikamwambia fundi akipandishe. Hata dakika mbili hazikufika.

Njiani kurudi niliyapanga maneno yangu yote. Baba alikuwa barazani, alipozoea kuningoja. Nilisimama mbele yake na baiskeli, nikangoja afungue mdomo tu nimlipukie.

Alikitazama kile kiti kilivyopanda.

"Kumbe nyote mwajua kuwa sitapanda tena," akasema. "Ni mimi tu sikuambiwa."

Tulijua. Daktari alimwambia mamangu tangu wiki ya kwanza, na mamangu akaniambia mimi, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumwambia mwenyewe. Miezi yote ile nimemlaumu mzee kwa ukaidi, na kumbe ni sisi tuliomwacha akingojea kupona. Nilijichukia siku ile kuliko nilivyowahi kumchukia yeye.

Baada ya wiki mbili mguu haukuniuma tena. Baba naye akawa haketi barazani wakati wa mimi kurudi.