Kipande cha Cheni Juu ya Mtutu

Wiki iliyopita tulimzika wifi yangu, mke wa marehemu kaka. Pale kaburini mtoto wa mdogo wangu alisimama na karatasi, akasoma maisha ya mama yake mkubwa. Akasoma kwamba marehemu alilinda mashamba yetu dhidi ya nguruwe mwitu miaka mingi, "kwa bunduki aliyowekewa kilengeo na shemeji yake." Shemeji mwenyewe ndiye mdogo wangu, baba wa huyo msomaji. Alikuwa amekaa kiti cha mbele, akatikisa kichwa kukubali. Nikataka kusimama, binti yangu akanishika mkono. "Mama, tuko msibani." Nikakaa. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, lakini kuandika najua, na sijapoa mpaka leo.

Wifi alikuwa fundi baiskeli. Kibanda chake cha mabati kilikuwa pale njia panda, na watu walimwita Mama Spoki, kwa sababu ringi iliyopinda vibaya aliinyoosha kwa kukaza spoki mojamoja huku akimsuta mwenye baiskeli: "Wewe ndiye uliyeugonga ukuta, au ukuta ulikufuata?"

Bunduki ilikuwa ya kaka. Ni shotigani ya bei rahisi, inayobeba risasi moja tu. Ukishafyatua unaikunja katikati, unatoa ganda, unatia nyingine. Mwisho wa mtutu ina punje ya shaba ya kulengea, nyuma haina kitu. Na kwa kuwa ni nyepesi, ikifyatuka inakupiga begani teke la punda. Kaka alipofariki, wifi alifuata taratibu zote polisi mpaka kibali kikaandikwa jina lake, maana miaka yote ndiye aliyekuwa akitoka na mumewe alfajiri kulinda shamba. Mdogo wangu hakupenda. Alisema bunduki ya ukoo hukaa kwa mwanamume.

Msimu ule ule wifi alimkosa nguruwe, risasi ikaenda kutoboa tangi la maji la jirani, lililokuwa juu ya mnara wa mbao. Hakuumia mtu. Maji yalimwagika, na maneno yakamwagika zaidi. Mdogo wangu akapata pa kushikia. Akaita kikao cha majirani Jumapili, uani kwangu, ili wifi aambiwe mbele ya watu airudishe bunduki polisi, kisha mdogo wangu aombe kibali kwa jina lake. Tena alikuwa ameshamwambia wifi kwamba mjane asiyeweza kulinda shamba aliache, wapo wa kulilima. Nilijua ni nani hao wa kulilima. Alikuwa anajisema mwenyewe.

Wifi alikuja kwangu na bunduki tupu, akaifungua nione haina kitu. "Wifi, nikilenga nitazame kwa ubavuni. Uniambie nakosea wapi."

Nikamtazama. "Shavu hulilazi. Unaogopa teke, umeinua kichwa kama kuku anayemeza maji."

Alicheka, kisha akakaa akifikiri. Kichwa kikiinuka, jicho linatazama kutoka juu, na mkono bila kujua unaupandisha mtutu. Ndiyo maana risasi ililifikia tangi kule juu. Akasema, "Nikiweka kitu huku nyuma, chenye mwanya, na nikijilazimisha kuiona punje ndani ya mwanya, shavu litashuka lenyewe, litake lisitake."

Akachukua bapa moja la cheni kuukuu ya baiskeli, lile lenye matundu mawili kama namba nane. Akalichoma kwenye makaa likalainika, akakata tundu la juu nusu kwa msumeno wa chuma, ukabaki mwanya. Sehemu ya chini akaikunja ikawa mguu, akaulaza juu ya mtutu na kuufunga kwa klipu ya chuma ya kubania paipu. Tulikwenda kulijaribu nyuma ya nyumba yangu, kwenye shimo walilochimba udongo wa matofali. Risasi ya kwanza ilipita juu. Akachimba mwanya kwa tupa, risasi ikashuka. Ikaenda kushoto, akaisukuma klipu kidogo. Ilipokaa sawa alikwaruza mtutu kwa msumari, kuweka alama ya mahali pake. Mimi nilikuwepo. Mdogo wangu hakuwepo.

Jumapili walijaa uani. Ikakubaliwa kwanza wote wawili wapimwe kwa kulenga, basi mfuniko wa ndoo ya rangi ulisimamishwa shimoni, na ukuta mrefu wa udongo nyuma yake. Mdogo wangu akasema aanze yeye. Alipoinua bunduki akakiona kile kitu. "Shemeji, umeifunga cheni isikimbie?" Watu wakacheka. Akalenga, akafyatua, akautoboa mfuniko karibu na katikati.

Wakampigia makofi. "Mmeona wenyewe," akasema. "Hili ndilo jicho la mwanamume."

Niliona mikono ya wifi ikitafuta pa kukaa. Shamba lilikuwa linaondoka, na anayelichukua alikuwa amelenga kwa kitu alichokitengeneza wifi mwenyewe.

Mimi nilikuwa nikimenya viazi. Nikainuka na kisu changu, nikamwendea bado ameishika bunduki, nikatia ncha kwenye skrubu ya klipu, nikaanza kuizungusha.

"Dada, unafanya nini?"

"Nakubakishia jicho lako," nikasema, nikakitoa kile kipande.

Safari hii watu walicheka kwa namna nyingine. Akatia risasi nyingine, akafyatua. Vumbi liliruka juu kabisa, kwenye majani ya ukingoni. Akasema risasi ilikuwa na unyevu. Akapewa nyingine, nayo ikaenda kule kule kwenye majani.

Wifi akanyoosha mkono nikampa kile kipande, kisha kisu. Akakirudisha kwenye alama yake ya msumari, akakaza, akalaza shavu. Mfuniko ukaanguka kifudifudi. Akaikunja bunduki, akatoa ganda, akamgeukia mwenye tangi.

"Jumatatu nakuja kuziba. Viraka ninavyo."

"Njoo na ngazi," akajibu yule jirani, na kikao kikaishia hapo. Bunduki alikaa nayo mpaka anakufa, na shamba pia.

Baada ya mazishi nilimfuata mdogo wangu. "Mwanao aliyapata wapi yale?"

"Dada, mambo ya zamani hayo."

"Ya zamani ndiyo yaliyosomwa leo. Aliyapata wapi?"

Akatazama viatu vyake. "Nilikuwa namhadithia tu, akiwa mdogo."

Yaani mtu amenyang'anywa kazi ya mikono yake mbele ya jeneza lake, na wewe unaniambia ulikuwa unahadithia. Jumapili hii ukoo unakutana kugawa vitu vya marehemu. Nimemwambia akae kiti kile kile cha mbele. Karatasi hii nitaisoma mwenyewe.