Maganda ya Mayai ya Mutsamudu

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye maabara ya serikali Moroni, mkurugenzi wetu alinipa penseli na boksi la pamba, akaniambia, "Ukivunja yai, sema umevunja. Ukikisia, sema umekisia. Yakikushinda hayo mawili, rudi kwenu Ikoni ukauze samaki." Nilidhani ananitania. Hakuwa mtu wa utani.

Baadaye nilihamishiwa Mutsamudu, chini ya mkuu wa kituo, mtu mpole wa hukohuko kisiwani Ndzuani. Karakana moja ilikuwa ikimwaga mtoni mafuta machafu ya transfoma, na ndege aina ya yangeyange waliotaga kwenye miti ya pale mto unapoingia baharini walikuwa wakiatamia mayai yanayopasuka kabla ya kuanguliwa. Tulichukua yai moja kila kiota, tukalitoboa na kulitoa ute, tukahifadhi ganda ili unene wake upimwe Moroni kwa maikromita. Tulichukua na mengine kule juu Patsy, kwenye maji safi, tupate cha kulinganishia. Kila ganda liliandikwa lilikotoka. Vipimo vikithibitisha madhara, mfereji wa karakana ungezibwa. Hivyo ndivyo tulivyowaahidi wanaofua na kuvua pale.

Ndipo Ndzuani ikajitenga na serikali ya Moroni. Katika wiki moja nilipata barua mbili: ya Moroni ikiniita nirudi na maganda, ya Mutsamudu ikisema mimi ni mgeni na mali ya nchi haitoki. Nchi ipi, sikuelewa. Asubuhi niliamka mtumishi wa serikali, kufika mchana sijui wa serikali ipi.

"Wakiona jina la Mutsamudu watalizuia boksi," mkuu wa kituo aliniambia. "Futa yote. Safu ya juu ya hapa, ya chini ya Patsy. Utakumbuka."

Nikafuta. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikuacha hata nukta ya penseli.

Bandarini Mutsamudu nilipita salama na boksi langu. Moroni, askari aliyekuwa akitafuta barua za waasi alitoa ganda moja moja, akapekua chini ya pamba, kisha akayarudisha kwa adabu popote palipomfaa. Hakuvunja hata moja. Safu zangu mbili zikawa moja.

Mkurugenzi alipima mwenyewe. Mengine manene, mengine membamba kama ganda la kitunguu.

"Haya membamba ni ya mfereji," alisema. "Hata mtoto anajua. Tia sahihi."

"Tutakuwa tumekisia, Mkurugenzi."

"Tumekisia sawasawa."

Nilichanganyikiwa. Yule aliyenifundisha ndiye aliyekuwa akinisukumia kalamu. Sikutia sahihi, na taarifa haikutoka.

Sasa nimestaafu. Vijana mnaoanza kazi hii huniuliza kama nilifanya sawa. Sijui, na inaniuma kutojua.

Visiwa vilipopatana nilirudi Mutsamudu. Miti ipo, viota hakuna, mfereji bado unamwaga. Mama mmoja aliyekuwa akifua alinitambua, akaniita babu kwa lugha ya kwao.

"Bakoko, si wewe uliyetuahidi jibu?"

Nikamweleza yote: zile barua, askari, maganda yaliyochanganyika. Alinisikiliza huku akisugua nguo.

"Lakini moyoni ulijua yapi ni ya hapa?"

"Nilijua."

"Basi si ungesema, Bakoko."

Akajitwika karai lake, akapanda juu kutafuta maji safi ya kusuuzia.